Darasa Nyuma ya Komeo

Mwaka ule habari za watoto kupotea zilipoanza kuzagaa Njombe, nilikuwa na watoto watatu nje na mmoja tumboni, nikaamua kwamba hakuna hata mmoja wao atakayetoka nyumbani. Walio nje wangekaa ndani na mimi, na wa ndani angekaa ndani zaidi. Ndivyo nilivyomwambia mume wangu kwenye simu. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Mume wangu alikuwa Makambako, kwenye yadi ya mbao, akipanga na kupakia mbao kwenye malori yanayoteremka Dar es Salaam. Alikuwa akija Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Makambako si mbali na Njombe, mtu anakwenda na kurudi na bado anawahi kupika, lakini kwa mwanamke mwenye hofu palikuwa mbali kama ng'ambo. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi nyumba ilikuwa yangu na watoto, pembeni mwa mji, mahali ambapo nyumba zinaanza kuachana, na mashamba ya viazi yanaingia katikati.

Sitaki kurudia hapa yale yaliyosemwa miezi ile. Mengine yalikuwa kweli, na wapo wazazi wenzangu waliozika. Mengine yalikuwa ya kutunga, ya watu wenye simu na muda, na sisi tuliobaki na watoto wetu hatukuweza kutenganisha ya kweli na ya uongo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wazazi walisindikiza watoto shule kwa makundi. Mgeni akisimama kuuliza njia, alizungukwa na watu kabla hajamaliza swali. Gari lenye vioo vyeusi likipita taratibu, kina mama tuliacha kuanika nguo, tukaanza kuhesabu vichwa.

Mimi nilihesabu hata wakati hakuna gari. Mkubwa wa kiume, miaka minane. Wa kati wa kike, miaka sita, ndiye aliyekuwa aanze darasa la kwanza mwaka ule. Mdogo wa kiume, miaka mitatu, mtundu kuliko wote. Nikimaliza hao nilijishika tumbo, nikasubiri wa nne apige teke, ndipo nikarudi kwenye cherehani.

Nilikuwa fundi cherehani, na ninaendelea kuwa. Mwanzo wa mwaka ndio msimu wangu, maana kila mzazi anataka sare. Nilishona sare za watoto wa watu wengine waende shule, na sare ya binti yangu, sketi ya bluu yenye marinda niliyoipiga pasi kwa mikono yangu, ilining'inia kwenye msumari bila kuvaliwa. Wateja waliona. Mmoja aliniuliza kama mtoto anaumwa. Nikamwambia hapana, mama yake ndiye anayeumwa.

Mwalimu mkuu alinipigia simu mwenyewe.

"Mama, shikamoo za watoto wako hatujazisikia mwaka huu," alisema. Alikuwa mtu wa utani, hata kwenye mambo mazito. "Shule ina ulinzi. Wazazi wanasindikiza kwa zamu. Walete."

"Nitawaleta, mwalimu."

"Lini?"

"Nikishajifungua."

"Hiyo si ni miezi miwili, mama?"

"Basi nitawafundisha mimi."

"Kwani mama umesomea ualimu?"

"Nimesomea kuwazaa," nikamjibu, na siku nzima nilitembea nyumbani kwangu nikijisifu kwa jibu lile.

Kujibu ni kazi moja na kufundisha ni nyingine. Asubuhi ya kwanza niliwakalisha kwenye benchi la wateja, nikageuza kabati la nguo mgongo uwe ubao, nikaandika kwa chaki ya kushonea. Chaki ile imetengenezwa ikwaruze kitambaa, haipendi mbao, kwa hiyo herufi zangu zilitoka kama zimeandikwa na mtu anayetetemeka. Binti nilimpa silabi. Mkubwa nilimpa hesabu, tukitumia futi ya kupimia wateja. Mdogo nilimpa maharage ahesabu, akaingiza moja puani, na somo la kwanza la shule yangu likawa kulitoa.

"Mwalimu wetu hafundishi hivi," alisema mkubwa.

"Mwalimu wenu hana mimba," nikamwambia. "Fungua daftari."

Hatukuwa na masomo mabaya, nisijidharau kupita kiasi. Mkubwa aliielewa futi kuliko alivyowahi kuelewa hesabu za shuleni, kwa sababu alipima kila kitu, mpaka tumbo langu, na kuwatangazia wenzake limeongezeka. Binti alikuwa mzito wa kusoma. Alizishika silabi moja moja lakini kuziunganisha kulimshinda, na mimi si mtu wa subira. Alipokosea nilivuta pumzi kwa nguvu, naye aliisikia ile pumzi, akazidi kukosea.

Lakini somo lililotangulia yote, kila asubuhi kabla ya chaki kushikwa, halikuwa la kusoma.

"Mtu akigonga mlango?" niliuliza.

"Tunanyamaza," walijibu kwa pamoja.

"Akisema ametumwa na baba?"

"Tunanyamaza."

"Akiwa na biskuti?"

Hapo mdogo alisitasita, mpaka kaka yake amkanyage mguu. "Tunanyamaza."

"Akiwa mtu tunayemjua?"

"Tunanyamaza, tunajificha, tunamsubiri mama."

Katika somo hili binti yangu alikuwa wa kwanza darasani. Nikipiga makofi mara moja, alikuwa ameshaingia chini ya meza ya cherehani na khanga imemfunika, husikii hata pumzi. Nilimsifia mbele ya wenzake. Nilikuwa sijapata nafasi nyingi za kumsifia, kwa hiyo kwenye hilo sikubania.

Niliweka sheria. Dirisha la upande wa barabara lisifunguliwe, mtu asione kwamba kuna watoto saa za shule. Mlango ufungwe kwa komeo. Kwa kuwa choo kiko nyuma ya nyumba karibu na mahindi, na mahindi mwezi ule yalikuwa yameshampita mtu mzima kwa urefu, haja ndogo iliwekewa ndoo chumbani nyuma ya pazia. Wavulana waliifurahia sana ndoo. Binti aliichukia, maana kaka yake alikuwa akitangaza kila akiingia, kama mtangazaji wa mpira. Nilimchapa kaka mtu kofi la paja, lakini ndoo haikuondoka.

Ndani ya mwili wangu mwenyewe kulikuwa na hofu nyingine. Kliniki walikuwa wameniambia presha inapanda. Muuguzi aliniagiza niangalie miguu ikivimba na kichwa kikiuma, akaniambia kifafa cha mimba hakipigi hodi. Nilikwenda kliniki nikiwa nimewaburuta wote watatu, mmoja mgongoni kwa tumbo lile, na niliporudi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba wiki iliyofuata sikwenda. Kila kichwa kilipogonga nilijiuliza, nikianguka hapa ndani na komeo liko juu, nani atajua? Halafu nilijijibu kwamba komeo likiwa wazi itakuwa mbaya zaidi. Niliishi hivyo, hofu moja ikiilinda nyingine.

Mtu wa huko chini kwenye joto ambaye hajawahi kuishi Njombe hawezi kuielewa baridi ile ya mvua. Siyo ya Juni, ya kuuma na kupita. Ni ya unyevu, inakaa kwenye magodoro, inakaa kwenye sweta, ukungu unashuka asubuhi na saa nne bado uko mlangoni kama mgeni aliyekosa aibu. Kwa hiyo kila nyumba inajua kuingiza jiko. Unawasha mkaa nje, unaupepea, unasubiri moshi uishe na makaa yawe mekundu kabisa, kisha unalibeba jiko ndani na watu wanalizunguka. Tulifundishwa kuogopa moshi tu. Makaa yasiyo na moshi yalikuwa moto safi, na mtoto aliyekaa karibu na moto safi alikuwa ametunzwa. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu alifanya hivyo. Tofauti ni kwamba nyumba zao zilikuwa na mianya kila mahali, na mlango wao ulikuwa ukisukumwa kutwa nzima na watu wanaoingia na kutoka. Hakuna aliyetuambia kwamba ile mianya ndiyo iliyokuwa ikitulea.

Nyumba yetu haikuwa na mwanya. Mume wangu alikuwa ameziba kwa saruji nafasi kati ya ukuta na bati kabla ya mvua kuanza, kazi nzuri, majirani walikuja kuitazama. Mimi nikaongeza gunia chini ya mlango.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilianza na manyunyu. Niliwasha jiko barazani, macho yangu yakiwa barabarani muda wote, nikaliingiza likiwa jekundu, nikafunga komeo, nikasukuma gunia kwa mguu. Tulifanya somo la mlango. Tukaanza kusoma. Nilikuwa nimeandika sentensi kwenye kabati: Baba analima viazi. Baba yao alikuwa hajalima kiazi maishani mwake, lakini silabi zilikuwa nyepesi.

Wa kwanza kulala alikuwa mdogo. Nikashukuru, maana akilala kuna amani. Baadaye mkubwa akaweka kichwa kwenye benchi. Nikamwambia darasani hakulalwi. Akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia hata mimi kinaniuma, na sijalala.

Na kweli kilikuwa kinaniuma. Kiligonga kwenye paji la uso, kikapanda, na moyo ukaanza kukimbia. Nikajua ndiyo ile presha. Nilikuwa nimeingoja kwa wiki nyingi, na sasa nilikuwa nayo nyumbani, na watoto wote wamo ndani. Nilitaka kufikia simu juu ya meza ya cherehani nimpigie mume wangu. Nilinyoosha mkono na mkono haukwenda. Miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nakumbuka nilijishusha chini polepole kwa upande, nisiangukie tumbo, na nakumbuka nikiwaza kwamba wakinikuta nimekufa watoto watanyamaza, kama nilivyowafundisha, na hakuna atakayejua kwamba wamo humu. Hilo ndilo wazo la mwisho nililokuwa nalo. Sijapata kuogopa hivyo tena, hata kwenye leba.

Kilichonirudisha ni baridi usoni. Nilifumbua macho nikaona ukungu ukiingia ndani. Mlango ulikuwa wazi. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, miguu yake imelowa tope, anatazama kabati na kusoma. "Ba-ba a-na-li-ma vi-a-zi. Baba analima viazi." Alipoona nimefumbua macho akasema, "Mama, nimeiunganisha." Alidhani nimelala kwa kuchoshwa na makosa yake, kwa hiyo alikuwa akisoma tena na tena mpaka apatie.

Sikuweza kusimama. Nilitambaa. Nilimkamata mkubwa kwenye kola ya sweta nikamvuta sakafuni, akatapika njiani, na kutapika kule kulinifurahisha kwa sababu maiti haitapiki. Nilimtoa barazani. Nikarudi kwa mdogo. Alikuwa mlegevu, kichwa kinakwenda kinakotaka, na mashavu yake yalikuwa mekundu mazuri, kama ya mtoto aliyetoka kuoga maji ya moto. Nikamweka kwenye manyunyu, nikamwita, nikampiga makofi mgongoni, nikamwita tena. Kisha nikapiga kelele. Mimi niliyewafundisha kunyamaza nilipiga kelele mpaka koo likapasuka.

Aliyekuja ni jirani yangu, mjane wa makamo ambaye watoto wanamwita bibi. Huuza viazi kwenye njia panda, si mbali na kwetu. Alikuja akikimbia, ndoo yake ya viazi ameiacha huko huko.

"Nini, mama kijacho? Ni uchungu?"

Nilimwonyesha mtoto. Hakuuliza tena. Alikimbilia barabarani akasimama katikati, mikono ameinyoosha, akasimamisha gari la kwanza lililopita. Ilikuwa Noah ya vioo vyeusi. Katika masomo yangu yote hakuna gari nililolitaja mara nyingi kuliko lile. Akateremka dereva, mwanamume nisiyemjua, mrefu, mwenye kofia ya sufu, akamchukua mwanangu mikononi mwangu bila kusema neno. Mikono yangu ilikataa kumwachia. Jirani ndiye aliyenifungua vidole.

"Mwachie," alisema. "Mwachie, atakufa."

Tuliingia wote. Njia nzima niliutazama mgongo wa dereva yule na kumwomba Mungu mtu yule ageuke kushoto, kuelekea hospitali, na kila alipogeuka kushoto nilianza kuomba upya. Alitufikisha, akamwingiza mtoto ndani, akaondoka. Hakutaka nauli. Mpaka leo sijui ni nani, wala sijui kama ningemfungulia mlango.

Muuguzi aliyetupokea alimtazama mdogo mashavuni, akanitazama mimi, akauliza kabla sijafungua mdomo, "Mlikuwa na jiko la mkaa ndani?" Nikamwambia ndiyo, lakini halikuwa na moshi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeyasikia maneno hayo kwa wengi. Waliwawekea watoto oksijeni, na mimi pia. Mkubwa alirudi sawa haraka, akaanza kuuliza mashine inafanyaje kazi. Mdogo alituchelewesha. Nilikaa nimemshika unyayo, unyayo ukiwa baridi, mpaka alipofumbua macho akadai uji. Jirani alilia kwa sauti. Mimi sikulia, kwa sababu nilikuwa nimeshagundua jambo jingine. Wa tumboni alikuwa hajapiga teke tangu asubuhi.

Muuguzi aliweka sikio lake kwenye kile chombo cha kusikilizia, kile kinachofanana na kikombe kirefu, akakibonyeza tumboni. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Nilimtazama usoni, si tumboni. Mwanamke mjamzito husoma uso wa muuguzi vizuri kuliko binti yangu alivyosoma kabati.

"Yupo," alisema mwishoni. "Mapigo yapo. Ila hayajanipendeza."

Daktari alikuja akanieleza kwa upole. Hewa ile ya mkaa haina harufu wala rangi, na nilichovuta mimi mtoto amekivuta pia. Mimi ikinitoka leo, yeye inachelewa kumtoka. Nikauliza, sasa atakuwaje? Akasema anaweza kuwa salama kabisa. Nikauliza, na kama si salama? Akasema hilo tutaliona akizaliwa, na mengine tutayaona akikua. Nilitamani aniseme kwa ukali. Mtu akikufokea, angalau unajua jambo limekwisha.

Mume wangu alifika jioni, amepanda lori la mbao lililokuwa linarudi tupu. Hakunilaumu. Tuliporudi nyumbani kesho yake alisimama katikati ya chumba akatazama juu, pale alipoziba kwa saruji, kwa muda mrefu. "Mimi ndiye niliyepaziba," alisema. Akachukua patasi na nyundo akaanza kubomoa, na upepo ukaingia, na hakuna aliyelalamika baridi.

Washirika wa kanisa walikuja kutuombea, wamejaa sebuleni mpaka barazani. Swali lililomkera kila mtu lilikuwa mlango. Jirani yangu ndiye aliyelisema wazi. Asubuhi ile, alisema, alipita kwetu akielekea kwenye viazi vyake, akapiga hodi, akaita kamwene, salamu ya kwetu, nyumba kimya, mlango umefungwa. Akadhani tumekwenda kliniki. Haukupita muda akasikia mayowe, na alipofika mlango ulikuwa wazi kabisa. Mkubwa alikuwa amelala, mdogo alikuwa amelala, mimi nilikuwa chini. Tulimuuliza binti nani alifungua komeo.

"Lilifunguka," alisema.

"Nani alilifungua?"

"Lilifunguka tu."

Komeo lilikuwa juu, kimo chake hakifiki. Mwinjilisti alisema si kila jambo lazima tulielewe. Jirani alitoa ushuhuda kanisani Jumapili, kwamba malaika alifungua mlango wa nyumba ile, na kwaya ikaimba. Mimi niliamini. Hofu yangu ilihitaji mtu wa kuishika upande wa pili, na malaika alinifaa.

Baada ya hapo mume wangu alisema hatatuacha tena huku peke yetu. Tulifunga mlango wa Njombe kwa kufuli, tukateremka Makambako, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya yadi ya mbao. Makambako ni upepo na vumbi. Malori yanapumua usiku kucha pale makutano, unga wa mbao unaingia kwenye ugali, na kila chumba kina nafasi chini ya mlango inayopitisha panya. Nilipenda ile nafasi. Nililala kichwa changu kikiwa upande wake. Darasa tuliliendeleza nje, ukutani, baba yao akiwa hatua chache kutoka kwetu akihesabu mbao, nami nilihesabu mateke. Siku nyingine wa tumboni alipiga vizuri. Siku nyingine alinyamaza mpaka nikaenda kupimwa, wakanirudisha, nikaenda tena.

Alizaliwa Makambako, wa kiume. Hakulia mara moja. Nilisikia vyombo vikigongana, nikasikia wauguzi wakizungumza kwa sauti ya chini, na nilikuwa nimeshaanza kumwomba msamaha ndipo akalia, kilio chembamba, cha mtu asiyetaka makuu. Walinipa. Nilimpitishia kidole mbele ya macho. Watu walinipongeza, na mimi nilikuwa nikisogeza kidole kushoto na kulia, nikitazama kama anakifuata. Nimeendelea kukisogeza. Akichelewa kugeuka nikimwita, moyo wangu unasimama. Aliketi kwa wakati wake, lakini hata siku ile alipoketi nilijiuliza kama ameketi vizuri.

Ila hiyo ilikuja baadaye. Asubuhi moja, mtoto akiwa na wiki chache, nilikuwa namwogesha kwenye beseni uani, binti yangu akinishikia sabuni. Akauliza, "Mama, malaika huwa wanakojoa?"

Nikacheka. Nikamwambia sijui, amuulize mwinjilisti.

"Kwa sababu mimi ndiye nilifungua," alisema. "Nilikuwa nimebanwa. Nilikuomba ruhusa hukujibu. Sikutaka ndoo. Nikapanda kigoda."

Nilikuwa nimemshika mtoto shingo ndani ya maji. Nilimwambia asiogope, sitamchapa. Nikamwambia alituokoa. Sikujua kwamba hajamaliza.

"Nilirudishia mlango nisiuache wazi, kama ulivyosema. Nikaenda kwenye mahindi. Halafu bibi akaja, akapiga hodi." Aliigeuza sabuni mkononi. "Nilitaka nimwambie mama hajibu. Nilikuwa karibu naye, kama kutoka hapa hadi pale ukutani. Nikachuchumaa nikanyamaza mpaka akaondoka, ndipo nikarudi nikakaa mlangoni miguu ikauke tope. Hakuniona hata kidogo."

Hilo la mwisho alilisema kwa fahari kidogo.

Nilikuwa naona mahindi, na mtoto ndani yake, na mwanamke aliyesimama mlangoni kwangu akiita, na sisi wanne nyuma ya mlango ule tukiendelea kuvuta hewa ile. Wa nne ndiye huyu niliyekuwa nimemshika.

"Sasa siku nyingine," aliuliza, "nimwite au ninyamaze?"

Alikuwa na miaka sita, alitaka jibu moja, akanitazama akilisubiri. Nilitafuta. Kila jibu nililolishika lilikuwa na mtoto aliyekufa upande wa pili.

Nikamwambia anipe taulo, mdogo wake anapata baridi.